Ukiambiwa Sistimu Iko Chini, Uliza Ni Ghorofa Gani

Wasee, kuna sentensi moja hapa Kenya inaweza kukurudisha nyumbani mikono mitupu na hakuna mtu atauliza swali: "Sistimu iko chini." Umefuata kitambulisho, sistimu iko chini. Umepeleka mgonjwa, sistimu iko chini. Mkulima wa hapa Mautuma ameacha shamba, amelipa boda kwenda na kurudi, anafuata mbolea ya ruzuku, anaambiwa sistimu iko chini, jaribu kesho.

Na sisi hukubali. Tunachukulia sistimu kama mvua: ikikataa imekataa, hakuna wa kulaumu. Lakini mvua haina aliyeichora. Sistimu iko na mtu alikaa chini akaamua itakuwa vile iko. Leo nataka tupitie historia kidogo, kwa sababu nimegundua kitu: mara nyingi sistimu "ikienda chini" Kenya, kompyuta yenyewe iko sawa kabisa. Kilichoanguka ni kitu kingine, na ukijua ni kipi, unajua pia ni nani wa kuuliza.

Ghorofa nne

Mwaka wa 1987 jamaa anayeitwa John Zachman, aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, alichapisha makala kwenye jarida la kampuni hiyo. Shida aliyokuwa akiangalia ni hii: mashirika makubwa yamejaza kompyuta, kila idara ina programu yake, na hakuna mtu hata mmoja anaweza kukuonyesha jinsi shirika zima linavyofanya kazi. Zachman akaenda kuangalia watu wanaojenga nyumba na ndege. Hao hawaanzi kazi bila michoro. Tena hawana mchoro mmoja. Mwenye nyumba ana wake unaoonyesha vyumba, fundi ana wake unaoonyesha kuta na mabomba. Akauliza, kwa nini sistimu za habari zisichorwe hivyo? Hapo ndipo neno usanifu, lile la wachoraji wa nyumba, likaingia rasmi kwa mambo ya kompyuta za mashirika.

Mwaka wa 1995 kundi linaloitwa The Open Group likatoa mwongozo wake, TOGAF, uliojengwa juu ya kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Sasa sikia hapa. Toleo la kwanza liliangalia zaidi mitambo. Ilichukua miaka kadhaa na matoleo mengine kabla wataalamu wenyewe wakubali kwamba mitambo ni sehemu moja tu, na kwamba shirika lina usanifu wa aina nne. Mimi naziita ghorofa.

Ghorofa ya juu ni kazi: nani anafanya nini, kwa sheria gani, na neno la mwisho ni la nani.

Chini yake ni data: habari gani inawekwa, inakaa wapi, na nakala mbili zikitofautiana ni ipi tunaamini.

Inayofuata ni programu: ile menyu unabonyeza, ile tovuti unafungua, na jinsi programu moja inaongea na nyingine.

Chini kabisa ni mitambo: seva, nyaya, mtandao, stima, betri.

Karani akikuambia sistimu iko chini, wewe unafikiria ghorofa ya mwisho. Moshi, waya umekatika, fundi anakuja. Wacha tuone kama historia inakubali hivyo.

M-Pesa haikuanza na simu

Kila mtu hupenda kusimulia M-Pesa kama hadithi ya simu. Ukiiangalia vizuri ni hadithi ya ghorofa ya juu.

Mwaka wa 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio wakiwa na pesa za msaada kutoka serikali ya Uingereza. Wazo lilikuwa mikopo. Wateja wa Faulu, shirika la mikopo midogo, wangepokea na kulipa mkopo kwa simu. Walijaribu Nairobi na Thika. Teknolojia ilifanya kazi, lakini watu walikuwa na mambo yao. Wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wengine waliweka pesa kwa wakala wakisafiri ili wasibebe noti mfukoni. Yaani kazi ambayo watu walihitaji haikuwa ile iliyochorwa.

Wenye mradi wangeweza kulaumu watumiaji. Badala yake walichora upya. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na mikopo ikawekwa kando. Ghorofa ya juu ilibadilika kwanza, na zile zingine zikafuata.

Angalia zilivyofuata. Kwenye kazi, waliweka mawakala: mwenye duka anakuwa na floti kwenye simu na keshi kwenye droo, na anapata kamisheni. Kwenye data, kila shilingi unayoona kwenye simu lazima iwe na shilingi yake kwenye akaunti ya amana benki, ili Safaricom isitumie pesa zako kama zake. Kwenye programu, menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe. Ndiyo maana wazazi wetu walibadilisha laini ili wapate M-Pesa, na ndiyo maana ilifanya kazi kwenye kabambe ya bei ya chini kabisa. Hakukuwa na haja ya intaneti. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009, miaka miwili baada ya M-Pesa kuanza. Kama wangengoja kila mtu awe na intaneti nzuri, wangekuwa bado wanangoja.

Na mitambo? Hadi Aprili 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Fikiria hiyo. Unatuma mia mbili kutoka Mautuma kwenda Turbo, hapo tu, safari ya boda, lakini rekodi inaandikwa Ulaya kisha jibu linarudi. Mawasiliano kati ya hapa na huko yakisumbua, mama mboga wa huku hauzi. Zilihamishiwa Kenya mwaka huo zikiwa kwenye jukwaa jipya lililojengwa na Huawei, na baadaye, 2017, ukaja mlango unaoitwa Daraja ambao vijana wanaoandika programu wanaweza kuunganisha duka au apu yao na M-Pesa.

Kwa hivyo kwa miaka minane M-Pesa ilikuwa na ghorofa ya chini iliyo mbali sana, na bado nchi nzima iliitumia, kwa sababu ghorofa za juu zilichorwa kulingana na maisha ya watu. Mambo yakiwa kinyume, yaani mitambo mizuri na kazi iliyochorwa vibaya, hali huwa tofauti kabisa. Kwa hiyo ya pili tuna mfano mkubwa sana.

Fungua seva

Uchaguzi wa 2013 ulikuja na vifaa vya kutambua wapigakura kwa alama za vidole na sistimu ya kutuma matokeo kwa simu. Vifaa vingi vilizima. Betri ziliisha kwenye vituo ambavyo ni madarasa yasiyo na stima. Hapo sawa, hiyo ni ghorofa ya mitambo. Lakini kulikuwa pia na hitilafu ya programu iliyokuwa ikizidisha kura zilizokataliwa mara 8, na mwenyekiti wa tume wakati huo, Issack Hassan, alieleza hivyo mwenyewe. Mwishowe sistimu ya kutuma matokeo iliachwa, na wasimamizi wakaja Bomas na makaratasi mkononi.

2017 IEBC ilikuja na vifaa vipya vya KIEMS kutoka kampuni ya Ufaransa. Mitambo iliboreshwa kweli. Lakini mwishoni mwa Julai, Chris Msando, aliyekuwa akisimamia teknolojia ya tume na ambaye alijitokeza hadharani kueleza wananchi jinsi itakavyofanya kazi, aliuawa. Siku chache baadaye tukapiga kura katika vituo 40,883, na tume yenyewe ilikuwa imesema zaidi ya vituo 11,000 havina mtandao wa kutosha kutuma picha za fomu.

Sasa hapa ndipo ghorofa ya data inaingia. Kila kituo kilitoa vitu viwili: tarakimu zilizoandikwa kwenye kifaa, na picha ya Fomu 34A yenye sahihi za mawakala wa vyama. Tarakimu zilifika haraka na zikaonyeshwa kwa televisheni. Fomu nyingi zilichelewa. Je, ukweli ni upi, tarakimu au fomu? Mshindi alitangazwa tarehe 11 Agosti kabla fomu zote 34A kupatikana. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, mara ya kwanza Afrika. Katika kesi hiyo mahakama iliamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, na katika uamuzi wake kamili ikasema tume haikutii amri hiyo.

Nchi nzima ikaimba "fungua seva." Kukawa na memu na tisheti. Lakini ukisoma vizuri, seva haikuwa imekufa. Ilikuwa hai na imefungwa, na swali la nani ana haki ya kuangalia ndani ni swali la ghorofa ya kazi. Hakuna fundi wa kompyuta anaweza kukutengenezea hiyo kwa bisibisi.

2022 mchoro ulibadilika. Vituo 46,229 vilituma picha ya Fomu 34A peke yake, bila zile tarakimu za pembeni, na picha ziliwekwa kwenye tovuti ya umma. Mtu yeyote mwenye simu, hata akiwa amekaa stendi ya boda Lumakanda, angeweza kufungua fomu ya kituo chake na kuangalia kama inafanana na ile iliyobandikwa mlangoni. Vyombo vya habari vilijumlisha vyenyewe. Hilo lilikuwa jibu la ghorofa ya data: ukweli ni fomu, na fomu ni ya kila mtu.

Je, ugomvi uliisha? Haukuisha. Makamishna 4 kati ya 7 walijitenga na matokeo wakisema hawakuhusishwa vizuri kwenye hatua ya mwisho ya kuhakiki na kujumlisha. Mahakama ya Juu ilitupa kesi tarehe 5 Septemba, lakini hebu ona shida ilikuwa wapi. Data ilikuwa wazi, mitambo ilifanya kazi, na bado walikuwa wanabishana juu ya nani ana neno la mwisho. Ghorofa ya juu tena.

Orodha tatu

Hii ya ghorofa ya data ninaijua kwa mwili wangu. Nilipokuwa chuo, na sitataja kipi, ada yangu ya muhula ililipwa benki. Risiti ipo. Tovuti ya chuo ikaonyesha deni. Ofisi ya fedha ilikuwa na rekodi yake, ofisi ya mitihani ilikuwa na orodha yake, na tovuti ilikuwa na jibu la tatu. Nikazungushwa wiki mbili nikiambiwa sistimu iko chini. Lakini tovuti ilikuwa inafunguka fiti! Ningeweza kuona deni langu saa yoyote ya usiku. Kilichokosekana ni uamuzi: orodha tatu zikigombana, ni gani inashinda, na ni nani ana ruhusa ya kurekebisha zile zingine? Hakuna aliyekuwa ameamua. Muhula huo sikukaa mitihani. Sikuacha chuo kwa sababu ya hiyo pekee, lakini ilikuwa kwenye hesabu. Na katika foleni ile sikuwa peke yangu.

Lakini kuna siku mitambo ndiyo huanguka

Mtu atasema nachukia mafundi wa seva. Hapana. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa. Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilidai ndilo lililofanya. Njia iliyotumika ni kuifurika sistimu kwa maombi mengi ya bandia hadi ya kweli yakose nafasi, kama watu mia wakisimama mlangoni mwa duka bila kununua kitu. Viza zikakwama, tiketi za treni ya SGR zikasumbua. Serikali ilikubali kwamba shambulizi lilitokea. Hiyo ilikuwa ghorofa ya chini kweli.

Lakini jiulize kwa nini shambulizi moja liligusa vitu vingi hivyo kwa wakati mmoja. Ni kwa sababu kulikuwa na uamuzi, juu kule, kwamba huduma za serikali zipitie mlango mmoja. Mwisho wa Juni, wiki chache kabla, serikali ilikuwa imezindua rasmi huduma zaidi ya 5,000 kwenye jukwaa hilo. Mlango mmoja una faida: unalipa mahali pamoja, na karani wa kuomba chai anapungua. Hasara yake ni kwamba mlango ukiziba, wote wako nje. Mimi sisemi mlango mmoja ni mbaya. Ninasema huo ni uchaguzi, na wananchi wangeelezwa faida na hasara kabla, si baada ya mlango kuziba.

Sasa rudi Mautuma

Huku ni mahindi. Msimu ukianza, mbolea ndiyo mazungumzo kila mahali. Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500 mwaka wa 2022, kisha 2,500 mwaka wa 2023. Kwa hiyo ruzuku, mwanzoni mwa 2023 wakulima waliandikishwa kupitia machifu: jina, kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba. Baada ya hapo unapata SMS inayokuambia umepewa mifuko mingapi, kisha unaenda ghala la NCPB kuchukua.

Chora hizo ghorofa nne sasa. Mitambo: seva na mtandao. Programu: ile SMS. Data: daftari la wakulima. Kazi: nani anaitwa mkulima?

Chukua mfano wa mama mjane. Shamba bado liko kwa jina la mume marehemu, kwa sababu kubadilisha hati ni pesa na miaka. Namba ya simu aliyoandikisha ni ya kijana wake aliye Nairobi, kwa sababu yake ilipotea. Huyu mama analima ekari mbili kwa jembe lake mwenyewe. Seva zikiwa hai, mtandao ukiwa na nguvu, SMS ikitumwa bila hitilafu, itaenda Nairobi. Mama akifika ghalani bila ujumbe, karani ataangalia kompyuta na atasema nini? Mnajua atasema nini.

Na mvua haingoji. Mbolea ya kupandia ikifika wiki tatu baada ya kupanda, hiyo ni hasara ya msimu mzima. Kwa huyo mama, tofauti kati ya ghorofa ya data na ghorofa ya mitambo ni tofauti kati ya kupata jibu leo na kungoja seva ambayo haijawahi kuanguka. Kama shida ni mitambo, kurudi kesho kunaweza kusaidia. Kama ni namba ya simu kwenye daftari, anaweza kurudi kesho, kesho kutwa na Krismasi, na bado hatapata. Anahitaji mtu mwenye ruhusa ya kurekebisha daftari, na anahitaji kujua huyo mtu anakaa ofisi gani.

Kwa hivyo, msee, wewe uliyezaliwa na simu mkononi na ambaye familia nzima hukuita "mtu wa kompyuta", hapa ndipo unaweza kusaidia kuliko kuweka nywila za wajomba. Siku nyingine ukimsindikiza kukhu wako ofisini na mkaambiwa sistimu iko chini, uliza kwa heshima, kwa sauti ya kawaida: Ni mtandao hauko, au ni programu imekwama? Au ni jina letu haliko kwenye orodha? Kama ni orodha, nani anaweza kuirekebisha, na ni kwa siku ngapi? Andika jibu, andika na tarehe.

Na kuna mahali pa kuuliza mapema zaidi. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na kaunti huita mikutano ya bajeti ambayo vijana hatuendi kwa sababu tunafikiri ni ya wazee na soda. Huko ndiko sistimu za hospitali, za ushuru wa soko na za basari hupitishwa kama mstari mmoja kwenye bajeti, na kinachotajwa sana ni kompyuta ngapi zitanunuliwa. Hiyo ni ghorofa moja. Simama, uulize zile zingine tatu. Hii sistimu inabadilisha kazi ya nani? Rekodi zikigombana, ni ipi itaaminiwa? Itaongea vipi na zile sistimu ziko tayari? Waache wajibu mbele ya watu, kabla pesa haijatoka.